Pedeli Zilizokataa Kuniachia Mguu

Nianze kwa kukiri, maana hata nikificha, Lodwar nzima inajua: mimi ndiye yule fundi baiskeli aliyeanguka mbele ya bendera ikishushwa, miguu yote miwili imekwama kwenye pedeli, akapiga kelele mpaka punda wa maji wakageuka kutazama. Watu wamenicheka hadi wakachoka, na mimi mwenyewe nimewahi kuusimulia mkasa huo kwenye hoteli ya chai, nikautia chumvi, nikaigiza hata kile kilio changu. Lakini kila nikiusimulia huwa naukatizia pale watu wanapocheka, kwa sababu mbele ya hapo kuna aibu ya aina nyingine ambayo sikuwa na ulimi wa kuisema. Leo nitaisema.

Ulikuwa mwaka wa 2013, uchaguzi umepita, kaunti ni mpya kabisa, na kila nyumba iliyopakwa rangi hapa mjini ilikuwa inageuka kuwa ofisi. Kibanda changu kilikuwa karibu na soko, na kazi ilikuwepo. Shida ilikuwa magoti. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na magoti ya mzee wa themanini, kwa sababu kabla ya kuwa fundi nilibeba maji kwa blakmamba (ile baiskeli nyeusi ya chuma, nzito hata bila mzigo), mitungi minne kwa safari moja, kwenye mchanga, kwa miaka tisa. Goti la kushoto ndilo lilikuwa adui yangu hasa: nikikanyaga pedeli linalia, nikishuka linawaka moto upande wa ndani, na asubuhi mke wangu anaamka kwa kusikia nikijikokota kwenda chooni huku nikilaani.

Sasa, kuna mzungu mmoja aliyekuwa huku kwa mambo ya kutafuta mafuta, mtu mwema, nilikuwa namtengenezea baiskeli yake ya resi. Kazi yake ilipoisha aliniachia baiskeli ile pamoja na mfuko mmoja, na ndani ya mfuko mlikuwa na viatu vyenye soli ngumu kama ubao, kitabu chembamba cha Kiingereza, na jozi mbili za pedeli za ajabu. Hizo si pedeli za kukanyaga hivi hivi. Chini ya kiatu kuna kibati, unakisukuma ndani ya pedeli, kinalia "tak", na mguu umeshikwa. Kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje, springi inaachia. Tofauti ya zile jozi mbili ilikuwa hii: jozi moja, hata mguu ukishashikwa, kisigino bado kinacheza kidogo, huku na huku. Jozi ya pili, mguu ukiingia umeingia, hauchezi hata kwa upana wa unywele. Na zote zilikuwa na skrubu ndogo ya kukaza au kulegeza springi.

Nilisikia kwamba pedeli za namna hiyo zinasaidia watu wenye magoti mabovu, lakini nichague zipi? Kitabu kilikuwepo, Kiingereza changu ndicho hakikuwepo. Na hapo ndipo anapoingia Mwalimu Majok.

Majok alikuwa Mdinka kutoka Sudan Kusini, mrefu, mpole, mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata salamu. Alikuwa mkimbizi katika kambi ya Kakuma na alifundisha darasa la sita huko. Tulijuana miaka saba kabla, nilipokuwa natengeneza baiskeli katika soko la kambi. Jioni akitoka shule alikuwa anakuja kukaa kwangu, ananishikia gurudumu, ananisahihisha hesabu zangu, basi tukawa ndugu. Wiki hiyo alikuwa amekuja Lodwar kuchukua cheti chake cha ualimu katika ofisi fulani, na alilala kwangu. Mkimbizi hatoki kambini hivi hivi, lazima apewe pasi ya kusafiri, na pasi yake ilikuwa ya siku tatu, mwisho Jumatano.

Cheti kilikuwa cha nini? Sikilizeni vizuri, maana mkasa wote uko hapa. Ijumaa ya wiki hiyo, saa mbili asubuhi, Majok alikuwa na mahojiano ya kuhamishiwa ng'ambo, Australia, pamoja na familia yake (kambini wanaita "prosesi", na ukimwambia mtu wa Kakuma neno hilo anakaa wima). Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka kumi na moja. Faili lilikuwa limebakiza cheti hicho tu, nalo lilikuwa kwa jina lake: yeye, mke wake Achol, na watoto wawili. Wengine walioingia kambini pamoja naye walikuwa wameshaenda zamani, wanatuma picha wakiwa wamevaa makoti.

Jumatano asubuhi akapata cheti. Akarudi kwangu anatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasema anaondoka na gari la saa sita. Mimi nikaona kitabu changu kinaondoka.

"Kesho tu, Mwalimu," nikamwambia. "Siku moja. Nisomee hii kitabu, nichague pedeli. Kesho jioni kuna lori ya rafiki yangu inaenda Kakuma, Ijumaa asubuhi wewe uko kwa laini."

"Pasi yangu inaisha leo, Ewoi."

"Na nani atauliza? Lodwar hii si unajulikana? Wewe ni mwalimu, si mwizi."

Alikuwa amekula kwangu siku tatu, amelala kwenye godoro langu, na mgeni wa aina yake hakatai ombi la mwenyeji. Nilijua hivyo, na ndiyo sababu niliomba mara ya pili.

"Kalas, basi," akasema mwishowe. "Siku moja."

Alhamisi tukaanza asubuhi. Majok alikaa juu ya kreti ya soda, akasoma kile kitabu kutoka mwanzo hadi mwisho kama anavyosahihisha mitihani, huku waendesha bodaboda wawili wakiwa wamesimama kusikiliza kwa sababu hawakuwa na abiria. Akafunga kitabu. Akasema kitabu kinasema mtu anayeumwa goti achukue zile zinazocheza, maana kila ukikanyaga goti linajizungusha kidogo lenyewe, na ukilizuia unaliumiza zaidi. Springi ilegezwe mpaka mguu utoke bila nguvu. Kile kibati cha chini ya kiatu kifungwe kufuata vile mguu wako unavyoelekea wenyewe, usiulazimishe unyooke.

Mimi nikacheka. Nilipokuwa mdogo nilianguka nikichunga mbuzi nikavunjika mkono, na mama yangu akaufunga kwa vijiti na ngozi ya mbuzi, akaukaza mpaka vidole vikavimba, na mkono ukapona, huu hapa, ndio ninaofanyia kazi. Kwetu kitu kikiuma kinafungwa, na kikiuma sana kinafungwa sana. Sasa goti linauma kwa sababu linachezacheza, halafu mtu anakuja na kitabu kuniambia niliache licheze?

"Ewoi, huo ulikuwa mkono umevunjika," akasema Majok. "Hili ni goti linatembea."

"Mwalimu, wewe soma. Fundi ni mimi."

Wale wa bodaboda wakacheka, mmoja akanigonga tano, na hapo ndipo nilipoharibikiwa kabisa, maana mtu akishapigiwa makofi kwa ujinga wake hawezi tena kuurudisha. Nikafunga zile zisizocheza. Nikachukua spana ndogo iliyopinda, nikakaza springi mpaka mwisho, halafu nikaongeza nusu mzunguko. (Nimemzuia mtu siku nzima kwa ajili ya ushauri wake, halafu ushauri wenyewe nimeutupa. Mpaka leo nikikumbuka hapo najiuliza kichwa changu kilikuwa kimewekwa nini.)

Tulijaribia ndani ya kibanda, mimi nimeshika nguzo. Kuingia kulikuwa kutamu: "tak", "tak", miguu imetulia, goti kimya. Kutoka ndiko kulikuwa na kazi. Ilibidi Majok ashike baiskeli kwa mikono miwili, mimi nikapindisha kisigino nje, na lile goti likapiga kelele ndani kwa ndani mpaka machozi yakanitoka. Nikasema ni mpya, zitalainika.

"Usiende barabarani na hizi," akasema. "Nipe spana nilegeze. Ni dakika mbili."

"Nitakusindikiza nazo mpaka kwa lori," nikamwambia. "Utaenda Australia ukijua fundi wako anaendesha kama mzungu."

Jioni hiyo lori lilikuwa limesimama kando ya barabara, mkabala na ofisi moja ya serikali yenye mlingoti wa bendera. Majok alitangulia kwa miguu, akarusha begi lake, akapanda juu ya magunia. Cheti kilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, ameiweka kifuani ndani ya shati lake jeupe ili kisikunjike. Mimi nikaomba mtu anisukume pale kibandani, miguu ikabanwa, nikaondoka.

Jamani, nisiseme uongo, mwanzo ulikuwa mzuri. Baiskeli inateleza, goti haliumi, au linauma lakini sifa zimelifunika. Akina mama wanaosuka vikapu wananiangalia, watu wa bodaboda wananiita "Fundi! Fundi!", mmoja anauliza kama hivyo viatu ni vya kuchezea mpira, na mimi nimeachia usukani mkono mmoja nawapungia kama mheshimiwa aliyeshinda kura. Nikaliona lori. Nikamwona Majok juu ya magunia. Nikapunguza mwendo ili anione vizuri.

Filimbi ikapigwa.

Ninyi mnajua sheria yetu. Filimbi ya bendera ikilia jioni, kila kitu kinasimama. Anayetembea anasimama pale pale filimbi ilipomkutia, bodaboda inazimwa, mwenye baiskeli anashuka na kusimama wima kando yake, hata mlevi anajikaza anyooke. Dereva wa lori alizima injini. Barabara nzima ikawa kimya kabisa, nikasikia kamba ikigonga mlingoti. Na katikati ya kimya hicho kulikuwa na kitu kimoja tu kinachotembea, nacho ni mimi.

Nikapindisha kisigino cha kulia, hakitoki. Nikapindisha cha kushoto, goti likanikata kama kisu. Baiskeli ikisimama naanguka, nikiendelea naidharau bendera, basi akili yangu ikanipa njia ya tatu: nikaanza kuzunguka. Nilizunguka polepole mbele ya lango la ofisi ile, mnyororo unalia kiri, kiri, bendera inateremka, askari wamepiga saluti na kunifuata kwa macho bila kugeuza shingo. Mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili. Wa tatu, gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga wa pembeni.

Nilianguka upande wa kushoto na mguu haukuachia. Baiskeli yote ilinilalia juu, goti likapinda kule ambako goti halipaswi kwenda, na nikasikia maumivu ambayo sijawahi kuyasikia hata siku ya ule mkono. Nikalia. Sikulia kiume. Na halafu nikafanya lile jambo ambalo kwenye hoteli ya chai huwa silisemi.

Nilimwita. "Mwalimu! Njoo unitoe!"

Majok alikuwa amesimama juu ya magunia, wima, mikono imenyooka kando, vile sheria inavyotaka. Aliniangalia. Akaiangalia bendera. Akaniangalia tena, na hakusogea, na nilimwona uso wake, alikuwa anajua hasa kwa nini hakupaswa kusogea.

"Majok! Goti langu! Majok!"

Akashuka. Watu wote wamesimama kama miti, na yule mtu mrefu mwenye shati jeupe anavuka barabara peke yake, haraka, bila kumtazama mtu. Akapiga magoti mchangani kando yangu. Mimi nilidhani atatoa spana. Hakutoa spana yoyote. Alishika ule mkanda wa kiatu changu, akaufungua, akauvuta mguu ukatoka, kiatu kikabaki kwenye pedeli. Akafungua wa pili, ukatoka.

Mkanda tu. Viatu vile vilikuwa vinafungwa kwa mkanda juu, ningenyoosha mkono wangu mwenyewe ningejifungulia. Na kama nisingenyoosha mkono, ningengoja. Bendera ilikuwa imebakiza kiasi cha dakika moja kufika chini.

Filimbi ya pili ikalia, na barabara nzima ikalipuka kwa kicheko. Walicheka, ndugu zangu! Watu walishika mbavu, mama mmoja aliacha kikapu chake akakaa chini, kila mtu ananyooshea kidole vile viatu viwili vilivyobaki kwenye baiskeli vikiwa vimesimama bila mwenyewe. Nikacheka pia, kwa sababu ya aibu, huku nimeshika goti. Hapo ndipo huwa naukatizia.

Askari wawili wakatoka langoni. Mmoja, mnene kidogo, alikuwa bado anazuia kicheko.

"Wewe mzee, unachezea bendera ya taifa?"

Nikamweleza, nikampa kipande changu, yaani kitambulisho, akakitazama, akatazama soksi zangu, akasema nenda nyumbani ukajifunze baiskeli upya. Nimesamehewa. Halafu yule mwenzake, ambaye hakuwa anacheka, akamgeukia Majok.

"Na wewe mrefu? Watu wote wamesimama, wewe unatembea. Leta kipande."

Majok akatoa ile karatasi ya pasi, akampa kwa mikono miwili. Askari akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii imeisha jana."

"Ndiyo, afande. Narudi sasa hivi. Lori ndiyo ile, begi yangu iko juu. Kesho asubuhi nina mahojiano."

Ningenyamaza hapo, labda, nasema labda, mambo yangeongeleka. Lakini mimi kunyamaza sijui. Nikajikokota kwa soksi nikaingia katikati.

"Afande, makosa ni yangu. Jana yeye alitaka kwenda, mimi ndiye nimemwambia abaki, hakuna mtu atauliza."

Yule askari akanigeukia. "Kumbe mlijua," akasema, akaikunja ile pasi akaitia mfukoni.

Simlaumu. Hiyo ndiyo sheria ilivyokuwa, na siku hizo kulikuwa na wasiwasi mwingi wa usalama, wamepewa amri ya kutomwachia mtu asiye na karatasi. Walimwambia mkubwa wa kituo ndiye ataamua, na baadaye mkubwa akasema kesi iende mahakamani Jumatatu. Majok hakubishana. Alitoa ile bahasha ya plastiki kifuani, akaniuliza kama naweza kumwekea cheti chake kisikunjike. Nyuma yetu lori lilipiga honi mara mbili, likangoja kidogo, likaondoka na begi lake.

Ijumaa alfajiri nilipanda gari la kwanza kwenda Kakuma, goti limevimba kama boga, cheti mkononi. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba nikifika na kile cheti, nikaeleza vizuri, watamngoja. Barabara ile mnaijua, nilifika karibu saa tano. Mlinzi wa lango alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka, akasema faili la familia halifunguliwi bila mwenye faili. Wameshaita jina lake mara tatu.

Achol alikuwa pale pale, kwenye benchi chini ya bati, na watoto wawili. Alikuwa amewapaka mafuta mpaka wanang'aa, binti yao Nyibol amevaa viatu vyeupe ambavyo niliona wazi ni vya kuazima, maana vilimpwaya. Kulikuwa na watu labda thelathini kwenye foleni, Wasomali, Wakongo, Wasudan, na wote waliniona nikija nachechemea moja kwa moja kwake.

"Ejok, mama Nyibol," nikamsalimu.

"Majok iko hai?"

"Yuko hai."

"Iko mgonjwa?"

"Hapana, mama. Ni mzima."

"Basi iko wapi?"

Ningempa nini mtu yule? Ilibidi nimweleze. Ilibidi nianze na pedeli, kwa sababu bila pedeli mengine hayaeleweki, nikamweleza pale mbele ya watu wote kwamba kuna pedeli ambazo zinashika kiatu, na kwamba nilikuwa nazunguka mbele ya bendera, na mguu haukutoka. Kijana mmoja kwenye foleni akaanza kucheka. Akamtafsiria mwenzake kwa Kisomali, naye akacheka. Kicheko kikatembea mpaka mwisho wa benchi, kama kilivyotembea Lodwar, na siwalaumu pia, ni mkasa unaochekesha.

Achol hakucheka. Alikuwa ananiangalia mdomo tu, kuhakikisha ameelewa.

"Kiatu ikakwama."

"Ndiyo."

"Kiatu yako."

"Yangu."

"Na yeye ndio imefungwa."

Foleni yote ikanyamaza. Mimi nikampa ile bahasha ya cheti. Aliipokea, akaipangusa vumbi kwa kitambaa chake, akainama akamvua Nyibol vile viatu vyeupe, akavifunga kwenye mfuko ili virudi kwa mwenyewe vikiwa safi. Halafu akawashika watoto mikono wakaenda nyumbani.

Jumatatu Majok alikiri kosa, akaonywa, akarudishwa kambini. Aliandika barua kueleza. Akaandika nyingine. Walimjibu angoje ataitwa tena, akangoja Juni, Julai, Agosti, na hakuitwa. Mimi katika muda huo nilizing'oa zile pedeli, nikafunga zile zinazocheza, springi nikailegeza, kibati nikakifunga kufuata mguu, neno kwa neno kama alivyonisomea. Baada ya miezi miwili goti langu likapona. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwangu mambo yalikwenda kinyume, asiyesikia ni mimi, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Mwezi wa kumi na moja nikasikia kwamba Majok amechoka kungoja, anarudi kwao kutafuta kazi ya ualimu, atapitia mpaka wa Nadapal, na Achol na watoto watafuata akishapata nyumba. Nikaenda Kakuma kumuaga. Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba. Alinipokea vizuri, na hilo ndilo liliniumiza, afadhali angenitukana. Achol alinipa maji ya kunywa akaingia ndani. Tulikaa, tukaongea habari za mvua na za shule, na nilipoona muda unaisha nikamuuliza lile swali ambalo lilikuwa limeninyima usingizi tangu siku ile.

"Mwalimu, ulijua pasi imeisha. Ulijua sheria. Kwa nini ulishuka kwa lori?"

Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Uliita jina langu," akasema. "Mara ya kwanza uliita mwalimu, nikasimama. Halafu ukaita Majok. Ningefanya nini?"

Akamaliza fundo la ile kamba, akanipa mkono.

Aliondoka wiki hiyo hiyo. Alinipigia simu mara moja akiwa ng'ambo ya mpaka, akasema amepata shule, watoto ni wengi na chaki hakuna. Mwezi uliofuata vita vikazuka huko tena, na tangu hapo namba yake haipatikani. Nimewauliza madereva wa malori wanaotoka Loki, kule karibu na mpaka, nimewauliza waliokimbia wakaingia kambini kwa maelfu, nimeandika jina lake kwenye kila karatasi ya kutafuta watu niliyopewa. Achol bado yuko Kakuma. Nikienda huko napita nyumbani kwake, napeleka unga, natengeneza baiskeli ya kijana wao, na yeye ananipa kiti na maji, na hatuongei mengi.

Basi ndugu zangu, mimi nimejiapiza, na kiapo chenyewe si cha mambo ya pedeli. Siku nikianguka kwa ujinga wangu nitalala pale pale nilipoangukia, goti na livunjike kama linataka kuvunjika, mpaka niweze kuinuka mwenyewe. Sitaita jina la mtu.